Je, Wajua? Comet za Marekani Zilishindwa na Cortina

Mwaka 1964 Ford ilileta kwenye Safari Rally, mbio za magari za Afrika Mashariki, magari sita ya Mercury Comet kutoka Marekani, yenye injini kubwa za V8. Mawili tu yalimaliza. Ushindi ukaenda kwa Ford Cortina ndogo ya Peter Hughes. Huo ni ushahidi kwamba ubishi mtamu wa mashabiki wetu, huyu Ford, yule Peugeot, mwingine Datsun, haukuamuliwa na ukubwa wa injini bali na barabara: tope la masika linalomeza tairi hadi kwenye ekseli, mawe yanayovunja springi.

Wapo watakaosema anayeshinda ni dereva, si gari. Joginder Singh anawapa hoja: alishinda kwa Volvo 1965, kisha kwa Mitsubishi 1974 na 1976. Lakini Peugeot 404 ilishinda 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania, na 1968 ikiendeshwa na Nick Nowicki. Madereva tofauti, gari lile lile. Basi nawe msomaji wa Mocímboa da Praia, ukibishana na jirani yako kuhusu gari, muulize kwanza kama lake litafika Palma wakati wa mvua.