Usiitupe Kompyuta Kuukuu

Katika nyumba nyingi siku hizi kuna kompyuta ya mkononi iliyolazwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, ikingoja kuuzwa kwa bei ya kutupa. Ukiuliza ina ugonjwa gani utajibiwa, "Imezeeka. Ukiiwasha unaweza kusonga ugali ukaiva kabla haijafunguka." Wengine wameambiwa na fundi kwamba haipokei tena mfumo mpya, hivyo wanunue nyingine. Na hapohapo ada ya shule inadaiwa, na mtoto wa sekondari anahitaji mahali pa kuandikia kazi zake.

Mama, kabla hujafungua mkoba, yafaa tujue kwanza ni kitu gani hasa kilichozeeka. Mara nyingi si kompyuta yenyewe, bali ni kile kinachoiendesha. Na hicho kinaweza kubadilishwa nyumbani, kwa jioni moja, bila kununua kompyuta nyingine.

MFUMO ENDESHI NI NINI?

Fikiria jiko lako. Sufuria, mwiko na moto havipiki vyenyewe. Lazima awepo mpishi wa kuamua kipi kitangulie na kipi kingoje. Ndani ya kompyuta mpishi huyo ni mfumo endeshi. Kompyuta nyingi zinazouzwa madukani kwetu huja na mfumo uitwao Windows, wa kampuni ya Microsoft ya Marekani.

Windows 10 ilitoka mwaka 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni hiyo iliacha kuitolea marekebisho ya kawaida, na waliojiandikisha waliwekewa muda wa nyongeza wa ulinzi hadi Oktoba 2026. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ina masharti magumu: inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na prosesa nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hazimo katika orodha yake. Ndiyo sababu kompyuta nzima, yenye kioo safi na kibodi isiyo na hitilafu, huambiwa haifai.

Kuendelea na mfumo usiorekebishwa ni sawa na kulala ukijua kitasa cha mlango ni kibovu. Huenda mwizi asije leo. Lakini humo ndimo zilimo nywila za barua pepe yako, picha za watoto na hesabu za kikundi chako cha kuweka na kukopa.

MPISHI MWINGINE

Mwaka 1991 kijana Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, alianza kuandika kiini cha mfumo uliokuja kuitwa Linux. Akawaruhusu watu wote kuutumia na kuurekebisha. Usidhani ni kitu kigeni kwako: simu ya Android iliyo mkononi mwako inaendeshwa na kiini hichohicho.

Kutokana na kiini hicho imezaliwa mifumo mingi. Mmojawapo ni Ubuntu, ulioanza mwaka 2004, ambao jina lake ni neno la kusini mwa Afrika, ndugu wa neno letu "utu". Juu ya Ubuntu ukajengwa Linux Mint, ulioanza mwaka 2006. Huu ndio unaomfaa zaidi mtu aliyezoea Windows, kwa kuwa orodha ya programu iko pale pale pembeni chini, na faili hufunguliwa kwa namna ileile. Haulipiwi.

Hata Kiswahili chetu kimo katika historia hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa lugha yetu.

KOMPYUTA YAKO INAFAA?

Linux Mint huhitaji angalau gigabaiti 2 za ramu, na gigabaiti 4 ndizo zinazostarehesha. Kwenye diski iwe na nafasi ya gigabaiti 20 au zaidi. Prosesa iwe ya biti 64, na karibu zote za miaka kumi na mitano iliyopita ni za namna hiyo. Kama ramu ni kidogo, chagua toleo liitwalo Xfce, ambalo ni jepesi kuliko mengine.

Kama bado una akiba kidogo, mwambie fundi akutolee ile diski ya zamani inayozunguka akuwekee ya SSD. Badiliko hilo moja huonekana kwa macho: kompyuta iliyokuwa ikijikokota huanza kutembea.

OKOA KWANZA MALI YA FAMILIA

Hapa ndipo wengi wamelia. Kuweka mfumo mpya kwa kawaida hufuta kila kitu kilichomo kwenye diski, na mara nyingi hakirudi. Kompyuta hukombolewa, lakini picha ya marehemu bibi akiwa amempakata mjukuu haikomboleki.

Basi usiwe na haraka. Waulize wote nyumbani, kuanzia baba watoto hadi kijana wa mwisho, kila mmoja ameweka nini humo. Tazama penye picha, penye hati, penye muziki, na pale kwenye uso wa mbele ambapo watu hutupia kila kitu. Vyeti vya kuzaliwa vilivyopigwa picha, barua za kazi, matokeo ya mitihani, daftari la biashara: vyote vinakili kwenye diski ya nje au fleshi kubwa. Kisha nakili tena mahali pa pili, maana fleshi nazo hufa. Andika pembeni nywila ambazo kompyuta imekuwa ikikukumbushia.

Mwisho, chomeka nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine, ufungue picha mbili tatu na barua moja. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu kuwa nakala.

HATUA KWA HATUA

1. Pakua Linux Mint kutoka tovuti rasmi ya watengenezaji wenyewe, si kwingineko. Faili lake lina karibu gigabaiti 3, basi andaa bando la kutosha au tumia mtandao wa ofisini kwa ruhusa.

2. Tafuta fleshi ya gigabaiti 8 isiyo na kitu cha maana, kwa kuwa itafutwa. Kwa programu ya bure iitwayo Rufus, andika lile faili kwenye fleshi. Kunakili tu kama unavyonakili picha hakutoshi.

3. Zima kompyuta, chomeka fleshi, kisha uiwashe huku ukibonyezabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12. Kwenye HP nyingi ni Esc kisha F9. Chagua fleshi.

4. Sasa Linux Mint itafunguka kutoka kwenye fleshi bila kugusa chochote ndani ya kompyuta. Hii ndiyo nafasi yako ya kuonja kabla ya kupakua. Jaribu wai-fai, sauti, kamera na printa. Usishtuke ikiwa nzitonzito. Ikishawekwa ndani huwa nyepesi zaidi. Jambo lisipofanya kazi hapa, simama na uulize. Bado hujapoteza kitu.

5. Ukiridhika, hakikisha betri imejaa na waya wa umeme umechomekwa, kwa maana umeme ukikatika katikati utalazimika kuanza upya. Bonyeza mara mbili alama ya kusakinisha. Utaulizwa lugha, kibodi, na kama diski ifutwe yote au mifumo miwili ikae pamoja. Kama una shaka na hatua uliyotangulia kufanya, rudi kwenye nakala zako kwanza, ndipo ukubali diski kufutwa.

6. Chagua jina na nywila. Kazi yenyewe mara nyingi haizidi muda wa kupika wali na maharage yaliyokwisha chemshwa. Ikimalizika, ondoa fleshi, washa tena, kisha fungua alama ya ngao iliyo pembeni chini upokee marekebisho. Fanya hivyo kila wiki.

YASIYOWEZEKANA

Ni vema tusema kweli. Microsoft Office ile ya kusakinisha haiingii humu. Badala yake utaikuta LibreOffice, ambayo hufungua barua na majedwali yaleyale, ila mpangilio wa ukurasa huweza kusogea kidogo. Kazi ya kupeleka kwa mwalimu au ofisini igeuze kwanza kuwa PDF. Baadhi ya michezo, na programu maalumu za hesabu za duka, hazikubali pia. Kama riziki ya nyumba inategemea programu ya namna hiyo, uliza kwanza, au iachie kompyuta hiyo mfumo wake na utafute ushauri wa fundi.

Virusi vingi vinavyosumbua Windows havifanyi kazi kwenye Linux. Lakini mtu anayekupigia simu na kukuomba namba ya siri hazuiwi na mfumo wowote. Uangalifu ni uleule.

WATOTO WATAFAIDI NINI?

Kwenye duka la programu la Linux Mint, ambalo vitu vyake vingi ni vya bure, kuna GCompris, mkusanyiko wa mazoezi ya hesabu, herufi, jiografia na mengineyo kwa watoto wa miaka 2 hadi 10. Kuna pia Tux Paint ya kuchorea. Zikishawekwa, zote mbili hufanya kazi bila intaneti, hivyo bando halitaliwa. Mfungulie mtoto akaunti yake isiyo na mamlaka ya kubadilisha mfumo, na kompyuta ikae sebuleni, si chumbani. Jicho la mama bado ni ulinzi mkubwa kuliko programu yoyote.

Kama kazi hii inakuelemea, mpe fundi au kijana wa jirani mwenye ujuzi, lakini keti naye, uulize kila hatua, na usimkabidhi kompyuta kabla ya kutoa nakala zako. Ukishaona mara moja, ya pili utaifanya mwenyewe, na ya tatu utamfanyia shoga yako. Fedha uliyokuwa umeitenga kwa kompyuta mpya ina kazi nyingi zinazoingoja.