Fildi kwenye mahakama za kimataifa Arusha: mwanafunzi anafanya nini, na gharama ni za nani?

Mzazi aliyemsomesha mtoto sheria hadi chuo kikuu akiambiwa, "Nimepata nafasi ya mafunzo kwenye mahakama ya kimataifa Arusha," swali la kwanza huwa: watamlipa kiasi gani? La pili: atakuwa anafanya nini kule? Maswali haya tunayapata sana kwenye kipindi chetu. Leo tunayajibu kwa maandishi, uyasome taratibu kwenye simu yako na umsomee na jirani.

Mahakama zenyewe ni zipi?

Arusha kuna taasisi tatu ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Hii ni ya Umoja wa Afrika, ina majaji 11 kutoka nchi tofauti, na ipo Arusha tangu 2007.

Ya pili ni Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Hii ni ya Jumuiya yetu na ilizinduliwa Novemba 2001.

Ya tatu ni ya Umoja wa Mataifa, inajulikana kwa kifupi kama IRMCT. Ilirithi kazi zilizobaki za mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, ile iliyoundwa 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015. Ofisi na kumbukumbu zake zipo Lakilaki, nje kidogo ya mji.

Ushirikiano wa kimahakama maana yake nini?

Chukulia ng'ombe wameibwa kijijini kwenu na mwizi amevuka kwenda wilaya nyingine. Polisi wa huku huwasiliana na polisi wa kule, mtu anakamatwa, mashahidi wanaitwa. Hapo ni ndani ya nchi moja.

Sasa chukulia mtuhumiwa amevuka nchi tatu, amebadilisha jina na amekaa miaka 20. Mahakama ya kimataifa haina polisi wake wa kumfuata. Lazima iziombe nchi husika: mtafuteni, mkamateni, tupeni nyaraka. Ndivyo Félicien Kabuga alivyokamatwa Ufaransa Mei 2020, na Fulgence Kayishema akakamatwa Afrika Kusini Mei 2023. Wote walikuwa wakitafutwa kwa tuhuma za mauaji ya kimbari ya Rwanda.

Maombi huja pia upande wa pili. Mwendesha mashtaka wa nchi fulani akiwa na mtuhumiwa wa mauaji ya 1994 anaweza kuiandikia IRMCT akiomba ushahidi uliotolewa miaka ya nyuma. Ushahidi huo umo katika maelfu kwa maelfu ya kurasa na saa nyingi za sauti na picha. Lazima watu wakae waupekue.

Mwanafunzi anaingia wapi?

Hapo ndipo anapoingia. Kwa kawaida hufanya kazi chini ya mwanasheria au mtunza kumbukumbu mwenye uzoefu. Hutafuta hukumu za zamani zinazofanana na jambo lililopo, hufupisha nyaraka ndefu, huhakiki kama namba ya ukurasa iliyotajwa ni sahihi, hupanga kumbukumbu. Wengine huwekwa maktaba, kwenye tafsiri, au kwenye kupokea wanafunzi na wageni wanaokuja kujifunza.

Hahukumu mtu wala hamtetei mtu mahakamani. Na si kila anachokiona anaruhusiwa kukisimulia nyumbani. Mashahidi wengi wa kesi za Rwanda walitoa ushahidi kwa herufi za siri badala ya majina yao, kwa sababu walirudi kuishi jirani na ndugu za washtakiwa. Jina moja likivuja, maisha ya mtu yanaweza kuwa hatarini. Kwa hiyo mzazi, kijana akikataa kukueleza jambo, usimwone ana kiburi. Ameanza kuijua kazi.

Faida ya kielimu ni kubwa. Darasani anasoma kwamba Septemba 2, 1998, hapo hapo Arusha, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, alikuwa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Akiwa kwenye mafunzo anaona jinsi kesi kama ile ilivyojengwa, shahidi mmoja baada ya mwingine, wengi wao wakiwa wakulima wa kawaida. Anajifunza kwamba neno la mwanakijiji likiandikwa vizuri na kutunzwa vizuri, linaweza kumfunga mkubwa.

Gharama ni za nani?

Hapa tuseme ukweli. Kwa utaratibu wa kawaida wa Umoja wa Mataifa, mafunzo haya hayana mshahara. Nauli, chumba, chakula na bima ni juu ya mwanafunzi mwenyewe, kwa miezi miwili hadi sita. Mwenye shangazi Arusha ameokoa nusu ya mzigo. Anayetoka mbali bila ndugu anahitaji familia ikae chini ipige hesabu kabla ya kukubali. Taasisi nyingine zina masharti yake, hivyo soma tangazo lote, hasa sehemu ya malipo.

Kwa Umoja wa Mataifa, wanaoruhusiwa kuomba ni aliye mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, anayesoma shahada ya juu zaidi, au aliyehitimu ndani ya mwaka mmoja. Si lazima awe wa sheria: wa lugha, maktaba na teknolojia ya habari nao huhitajika.

Angalia matapeli

Umoja wa Mataifa hautozi ada yoyote ya kuomba nafasi, ya usaili wala ya mafunzo. Anayekupigia akisema, "Tuma pesa ya fomu, nafasi ya mwanao ipo tayari," ni tapeli, hata kama anazitaja ofisi zote za Arusha kwa majina. Kabla ya kuuza mbuzi, fanya mambo matatu: mwambie kijana afungue tangazo kwenye tovuti rasmi ya taasisi yenyewe, amuulize mwalimu wake chuoni, na usitume hata senti kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Una swali ambalo hatujaligusa? Tutumie wakati wa kipindi, tutalijibu hewani.