Kipupwe hakimlazi mamba wa Mtera

Kila Juni inapoingia na watu wa Dodoma wakaanza kuvaa makoti asubuhi, swali hunijia lilelile. Juzi limeletwa na mwalimu anayetaka kuwapeleka vijana Bwawa la Mtera, wapige makasia hadi Mto Kisigo unapoingilia: "Si ni kipupwe, mzee? Mamba si wamelala kwa baridi?"

Hawajalala. Nimejibu hivyo miaka na miaka, na bado mitumbwi inasukumwa majini kwa imani hiyo.

Ina chimbuko, sikatai. Mwili wa mamba hufuata joto la mazingira. Ukipoa, chakula husagika polepole naye hula kidogo. Kusini kabisa mwa Afrika, kwenye majira ya baridi yenyewe, hilo huonekana wazi. Lakini Mtera si huko. Bwawa liko karibu meta 700 juu ya usawa wa bahari, chini ya Dodoma mjini kwa meta 400 hivi, na jua la mchana wa Julai pale linachoma. Huwezi kuipima baridi ya Mtera kwa koti ulilovaa alfajiri ukiwa soko la Majengo.

Kisha kuna maji yenyewe. Nenda Migoli, mwaloni, saa kumi na mbili asubuhi. Upepo unakata masikio. Chota maji kwa kata uyamimine kiganjani: ni vuguvugu kuliko hewa. Maji hupoa taratibu kuliko nchi kavu, ndiyo maana usiku wa kipupwe mamba hubaki humo humo, penye joto. Saa ile mnayoiita salama, kwa kuwa ukingoni hapaonekani hata mmoja, ndiyo saa wako chini yenu.

Jua likipanda hutoka kuliota. Hapo watu humpiga picha akiwa ameachama, wakasema anasinzia. Kuachama ni njia yake mojawapo ya kupunguza joto la kichwa. Mamba wa namna hiyo ameshapata moto wa kutosha. Mkatie njia ya kurudi majini uone kama amesinzia!

"Lakini hali sana," huniambia. Mamba mkubwa huweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo njaa yake haihesabiki kwa kalenda. Tena kipupwe cha kwetu kiko ndani ya kiangazi. Mvua zimekwisha, na bwawa hili, lililokamilika 1980 ili kuhifadhi maji ya mitambo ya Kidatu, linaendelea kuachia maji huku mito inayolijaza ikikauka. Vijito hukatika vikabaki madimbwi, na wanyama waliokuwa wametawanyika masika hubanana kwenye vilindi vichache. Kijito kinachowavutia vijana wa mwalimu, kimya, chenye ndege na kivuli, ndicho hicho kilichojaa.

Wala mamba si hofu yangu ya kwanza. Ya kwanza ni kiboko, na miaka yote hii hakuna aliyeniuliza kama baridi humlaza. Usiku hulisha nchi kavu, alfajiri hurudi kilindini, na mtumbwi uliosimama kati yake na kilindi hicho ataupindua.

Sasa ya kufanya. Nendeni na mvuvi wa hapo hapo, anayejua viboko walilala wapi jana, si wiki iliyopita. Ingieni jua likiwa limetoka vizuri, mrudi kabla ya saa tano, kwa sababu upepo wa kusini-mashariki ukishika kasi bwawa lile hufanya mawimbi ya kujaza mtumbwi. Jaketi okozi kwa kila mtu, limefungwa. Dumu tupu si jaketi. Gongeni ubavu wa mtumbwi mnapokaribia kona, viboko waibuke mjue walipo. Kijito ambacho mtumbwi hauwezi kugeukia, msiingie. Mikono isiachwe majini. Na visiki: bwawa lilipojazwa lilizamisha miti, na mingine bado imesimama humo. Kilichokuwa chini kabisa mwezi Mei, Julai kiko sentimeta chache tu chini ya uso wa maji, hakionekani mpaka uwe juu yake. Mmoja akae omo aviangalie, na huyo asipewe kafi.