Kilo, Wati na Shilingi: Utangulizi kwa Mnunuzi wa Baiskeli ya Mbio

Hili ni somo ambalo wengi huliingia kupitia mlango wa duka. Mbele yako kuna baiskeli mbili za mbio, zile za lami zenye tairi jembamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Kwa macho zinafanana. Moja inauzwa dola za Marekani 1,500, nyingine dola 12,000. Muuzaji anakuambia hiyo ya pili ni nyepesi. Unainyanyua kwa mkono mmoja na kweli ni nyepesi. Je, inastahili bei hiyo?

Swali hili lina jibu, tena jibu unaloweza kulikokotoa mwenyewe, na ndiyo maana napenda sana kulifundisha. Anayejua kuzidisha na kugawanya anaweza kunifuata hadi mwisho. Ombi langu ni moja tu: tuanzie kwenye misingi. Mtu anayerukia habari za kaboni na gia za umeme kabla ya kujua baiskeli inapambana na nini barabarani hana budi kuamini kila tangazo.

Basi inapambana na nini? Na vitu vitatu. Cha kwanza ni mvutano wa dunia, unaokurudisha chini kila unapopanda mlima. Cha pili ni ukinzani wa hewa, yaani ule upepo unaoutengeneza mwenyewe kwa kwenda mbio. Cha tatu ni ukinzani wa tairi: tairi hubonyea linapogusa lami, kisha hurudia umbo lake, na katika kubonyea huko nishati kidogo hupotea kama joto. Msuguano wa mnyororo na beringi upo pia, lakini ukiwa na mnyororo safi uliotiwa mafuta ni mdogo, tuuache kwa sasa.

Juhudi ya kuvishinda vitu hivi hupimwa kwa wati, kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye balbu ya nyumbani kwako. Mwendeshaji wa kawaida aliyejizoeza vizuri anaweza kutoa wati 200 hivi kwa saa nzima. Shika namba hiyo, tutaitumia.

Tuanze na mlima. Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kilomita zipatazo 33, na inapanda karibu mita 1,000. Chukua mwendeshaji wa kilo 70, baiskeli ya kilo 8, maji na nguo kilo 2: jumla kilo 80. Nishati ya kuinua uzito huo ni uzito mara mvutano wa dunia, ambao ni 9.81, mara kimo. Tunapata jouli 784,800. Jouli ni kipimo cha nishati, na wati moja ni jouli moja kwa sekunde; basi gawanya kwa wati 200, unapata sekunde 3,924, yaani dakika 65 na ushei, tukihesabu kwamba wati hizo zote zinapambana na mlima peke yake. Sasa punguza kilo moja kwenye baiskeli. Utaokoa sekunde 49.

Najua unachojiuliza: sekunde 49 ni nyingi au chache? Hapo fizikia imemaliza kazi yake na uamuzi ni wako. Kwa anayeshindana, zinatosha kumtenganisha mshindi na wa kumi. Kwa anayekwenda Lushoto kunywa chai na kutazama milima ya Usambara, si kitu. Zingatia pia kwamba hesabu haiulizi kilo hiyo imetoka wapi. Ikitoka kiunoni mwako, sekunde ni zile zile.

Wepesi wenyewe una ukomo. Tangu mwaka 2000, Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, limekataza baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8 katika mashindano yake. Kutoka kilo 8 hadi hapo ni kilo 1.2 tu, na ndiyo kilo ghali kuliko zote.

Kwenye tambarare mambo hubadilika, na hapa ndipo wanafunzi wangu hushangaa. Ukinzani wa hewa haukui kwa kadiri ile ile ya mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kani ya hewa huongezeka mara nne, na wati zinazohitajika kuishinda mara nane. Ukipita kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa ya jasho lako inaliwa na hewa. Lakini hewa hiyo inagonga nini? Kwa kiasi kikubwa inakugonga wewe: kifua, mabega, kichwa, mapaja. Baiskeli ni sehemu ndogo ya ukuta huo.

Ushahidi ninaoupenda unatoka Uskoti. Mwaka 1993 mwendeshaji wa huko, Graeme Obree, alijiundia baiskeli yake, na ndani yake akatia beringi zilizotoka kwenye mashine ya kufulia nguo. Tarehe 17 Julai, katika ukumbi wa Hamar huko Norway, alivunja rekodi ya dunia ya saa moja, iliyokuwa imedumu tangu 1984, kwa kuendesha kilomita 51.596. Siri yake ilikuwa mkao. Aliikunja mikono chini ya kifua, na hewa ikapita kando yake. Nisiwe mchoyo wa ukweli: siku sita baadaye Chris Boardman wa Uingereza, aliyekuwa na vifaa bora zaidi, alifikisha kilomita 52.270. Vifaa vinasaidia. Lakini Obree aliichukua tena rekodi mwaka uliofuata.

Tairi halina hadithi ya kusisimua, ila ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Wahandisi hupima upotevu wake kwa kigawo cha ukinzani, namba ndogo inayosema ni sehemu gani ya uzito wako inageuka kuwa mzigo wa kuvuta. Tairi zuri la mbio lina kigawo cha karibu 0.004, la kawaida 0.007. Kwa zile kilo 80, ukienda kilomita 36 kwa saa, zuri linakula wati 31, la kawaida 55. Tofauti ni wati 24, na inapatikana kwa bei ya matairi mawili! Hakuna fremu ya kaboni, kwa maana ya uti wa baiskeli uliofumwa kwa nyuzi za kaboni na gundi ngumu, itakayokupa faida kama hiyo kwa fedha kama hizo.

Ndipo tunafika kwenye dhana ngumu kidogo, ambayo wachumi huiita manufaa ya nyongeza: kile unachopata kwa kila shilingi unayoongeza. Chukua grupseti, yaani gia, mnyororo, breki na vishikio vyake vinavyouzwa kama seti. Kampuni ya Shimano huzipanga kwa madaraja. Ukipanda kutoka la chini hadi la kati, liitwalo 105, unapata gia nyingi zaidi na breki za kuaminika. Ukipanda tena kutoka 105 hadi la juu kabisa, Dura-Ace, bei inaruka mara kadhaa, na unachopata ni wepesi kidogo na ulaini unaohitaji kidole chenye uzoefu kuuhisi.

Kuna gharama nyingine ambayo vitabu vya Ulaya huipita haraka. Baiskeli za bei ya juu kabisa hupitisha nyaya ndani ya usukani na hutumia nguzo ya kiti isiyoingia kwenye fremu nyingine yoyote. Kipuri kikivunjika ukiwa Moshi au Eldoret, fundi wako hodari atabaki kukitazama tu mpaka kingine kiagizwe ng'ambo na kulipiwa ushuru. Kwangu mimi, baiskeli isiyo na fundi wala vipuri karibu imeshapoteza nusu ya thamani yake.

Na saizi? Kabla ya yote! Kalia kiti, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Kisha weka sehemu pana ya mbele ya wayo. Goti lipinde kidogo. Ukilazimika kujinyoosha kuufikia usukani, fremu ni kubwa mno, iwe ya dola mia tano au elfu kumi.

Hukumu yangu, basi: kwa asiyeshindana, fremu ya alumini inayomtosha, gia za daraja la kati na tairi bora ndiyo kikomo cha matumizi ya busara. Mwenye fedha za ziada anayependa kitu kizuri anunue cha juu, na wala simcheki, mradi ajue analipia furaha. Sura ya kwanza inaanza na baiskeli uliyo nayo sasa. Chukua rula, pima pingili 24 za mnyororo wako. Ukiwa mpya ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa milimita 1.6, badilisha mnyororo huo kwanza.