Busha na nguvu za kiume: Kwa nini ni vitu viwili tofauti

Ukitoka Kunduchi na Bunju ukapanda hadi Bagamoyo, Saadani na Pangani, busha si ugonjwa wa kusimuliwa. Ni wa jirani, wa mjomba, wa mzee anayeshinda na msuli au kanzu siku ambayo wenzake wote wamevaa suruali. Na likitajwa tu, swali linalofuata huulizwa kwa sauti ya chini: huyo bado anaweza?

Kwa wengi, ndiyo, anaweza. Lakini wapo wanaume wanaokaa na busha miaka na miaka wakikwepa kisu, wakiamini kwamba daktari akishapasua, uume utalala moja kwa moja. Woga huu unamaliza watu, na chanzo chake ni kutojua kipi kinakaa wapi.

Maji yako wapi?

Kila korodani imezungukwa na kifuko chembamba chenye kuta mbili. Katikati ya kuta hizo kuna maji kidogo sana ya kulainisha. Mwili hutengeneza maji hayo na kuyanyonya tena, siku zote. Yakitengenezwa mengi kuliko yanayonyonywa, kifuko kinajaa na kuvimba. Hilo ndilo busha.

Huku pwani, msababishaji mkubwa ni minyoo myembamba kama uzi inayosambazwa na mbu, ile ile inayoleta matende ya miguu. Minyoo wakubwa huishi miaka kadhaa ndani ya mirija ya limfu, na kwa wanaume hupenda zaidi mirija ya jirani na korodani. Watoto wao huingia kwenye damu nyakati za usiku, ndiyo maana wapimaji walizoea kutoga watu vidole kuanzia saa nne usiku, si mchana. Mtu anaweza kuambukizwa akiwa mdogo, uvimbe ukaja kuonekana ukubwani.

Madafu je? Hayahusiki kabisa. Mnazi na mbu wanapenda joto na unyevu ule ule wa pwani, basi dafu likabebeshwa kesi ya mbu.

Uume husimama vipi?

Uume wa binadamu hauna mfupa (mbwa anao). Ndani yake kuna nguzo mbili ndefu zilizolala sambamba, zimejaa vitundu kama sponji, na ya tatu chini yake inayozunguka njia ya mkojo. Muda mwingi misuli midogo ya sponji hiyo imejikaza, damu inapita kidogo tu.

Mwanaume akipata hamu, au akiguswa, taarifa hupita kwenye mishipa ya fahamu inayotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Miisho ya mishipa hiyo hutoa gesi iitwayo naitriki oksaidi. Gesi hiyo inailegeza misuli, ateri zinafunguka, damu inaingia kwa kasi na sponji inatanuka. Ikitanuka hivyo, inaibana mishipa ya kurudisha damu kwenye ganda gumu linalozunguka nguzo. Damu inaingia, kutoka inashindwa, uume unakuwa mgumu. Kazi ya gesi hii katika mishipa ya damu iliwapa wanasayansi watatu wa Marekani Tuzo ya Nobel mwaka 1998, mwaka ule ule Viagra iliporuhusiwa nchini humo.

Fahamu, damu, sponji. Maji ya kwenye korodani hayamo katika kazi hii.

Korodani zenyewe zina kazi mbili: kutengeneza mbegu na kutoa homoni ya testosteroni, inayochochea hamu. Homoni huingia kwenye damu, na kwa kawaida busha haliizuii. Mbegu ni suala jingine. Zinahitaji ubaridi wa nyuzi 2 au 3 chini ya joto la mwili, hivyo busha kubwa la muda mrefu linaweza kuziathiri kwa baadhi ya watu. Hapo ni habari ya kupata mtoto, si ya kusimamisha.

Linapoharibu tendo, busha huharibu kwa ukubwa wake. Likiwa zito huvuta ngozi mpaka uume unazama ndani, na hata kama unasimama, kukutana na mke kunakuwa shida. Halafu kuna aibu. Mwanaume mwenye hofu mwili wake humwaga adrenalini, na adrenalini hubana ile mishipa iliyotakiwa kufunguka. Tendo likishindikana, lawama zote zinaenda kwa busha.

Kama uume hausimami hata ukiwa peke yako, au asubuhi unapoamka, pima kwanza sukari na presha. Kisukari, presha na sigara huharibu mishipa ya damu, na ile ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mara nyingi ndiyo hutangulia kulalamika. Vumbi la Kongo halikusaidii kujua hilo.

Kisu kinakata nini?

Daktari hukupa ganzi, hupasua ngozi ya mfuko wa korodani, hutoa maji, kisha hukata au kugeuza kile kifuko ili yasijae tena. Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume inapita kwingine, karibu na tezi dume. Utapumzika wiki kadhaa bila kubeba mizigo wala tendo la ndoa. Kunyonya maji kwa sindano tu hakutoshi, mara nyingi yanarudi.

Dawa zinazogawiwa kwa wananchi, ivamektini na albendazoli, katika mpango ulioanzia kisiwani Mafia mwaka 2000, huua watoto wa minyoo ili mbu asiwapeleke kwa mwingine. Busha lililokwisha kukua hazilipunguzi, na nguvu za kiume hazizigusi.

Usijipime mwenyewe, maana si kila uvimbe ni busha. Unaweza kuwa ngiri ya utumbo, au saratani, hata kwa kijana. Daktari humulika tochi: maji mara nyingi hupitisha mwanga, nyama haipitishi. Korodani ikiuma ghafla na vikali, hasa kwa kijana, usisubiri asubuhi. Huenda imejinyonga, na ikipita takriban saa 6 bila kufunguliwa inaweza kufa.