Kuchagua Betri ya Redio ya Ridhaa

Mwenye leseni ya redio ya ridhaa hutegemea betri pale umeme ukatikapo, na pengine ndipo habari zake huhitajiwa zaidi. Kwa hiyo asinunue betri kwa kutazama bei tu. Kwanza na apige hesabu.

Redio ya wati 100 hutumia yapata ampea 1 inapopokea, na yapata ampea 20 inapopeleka sauti. Mtu akisema dakika 6 katika kila saa, na kusikiliza muda uliobaki, atatumia karibu ampea-saa 3. Kwa saa 5 atahitaji 15.

Betri ya risasi na asidi ni rahisi kwa bei, lakini ikitumiwa mara kwa mara kupita nusu ya nguvu zake, hufa upesi. Kwa kazi hiyo, basi, yatakiwa ya ampea-saa 30. Betri ya kuwashia motokaa haifai sana, kwani bamba zake nyembamba zimefanywa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi tu.

Betri ya lithiamu na fosfati ya chuma ni ghali, ila ni nyepesi, na robo tatu ya nguvu zake hutumika bila madhara. Ya ampea-saa 20 yatosha.

Akaaye mahali pamoja aweza kuridhika na ya risasi, akiiweka penye hewa. Abebaye redio yake mlimani heri anunue ya lithiamu, pamoja na chaja yake yenyewe. Wote wawili watie fyuzi karibu na betri, waya zisije zikaungua.