Nne za Nyumbani, Tano za Lusaka

Mjukuu wangu mmoja, yule anayelala na jezi yake nyekundu hata siku za joto kali, aliniuliza: "Babu, mbona hadithi zako za Simba zote zinaanza na kufungwa?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Basi sogeeni wote, na huyo mdogo mpisheni akae mkekani, niwasimulie.

Mwaka 1979 nilikuwa na umri kama wenu. Tulikaa Keko, si mbali na Uwanja wa Taifa. Uwanja ninaousema si ule mkubwa mnaoujua. Ule wenye nafasi ya watu 60,000, ambao sasa una jina la Rais Mkapa, ulifunguliwa mwaka 2007. Nasema ule wa zamani ulio jirani yake, ambao leo unaitwa Uhuru na watu wa mjini wakaubatiza Shamba la Bibi. Sisi watoto tusiokuwa na kiingilio tulikuwa na namna yetu ya kuangalia mpira. Tuliusikiliza. Bao likiingia, ngurumo ilitoka uwanjani ikapita juu ya mabati ya nyumba zetu, nasi tukaruka kama tuliokuwa jukwaani. Tulijua hata bao lililokataliwa, kwa jinsi ngurumo ilivyokatika katikati.

Siku hiyo Simba ilicheza na Mufulira Wanderers ya Zambia, Klabu Bingwa Afrika. Tulisubiri ngurumo. Ikaja minong'ono, halafu kimya. Ikaja tena hivyo hivyo. Mara nne. Jioni mjomba wangu akarudi, akavua viatu mlangoni, akaenda kulala na jua bado liko juu. Mama hakumwuliza kitu. Nne bila, tena kwetu, mbele ya watu wetu.

Ninyi mliozoea ligi, ambako mechi ikiisha imeisha, lazima mwelewe jinsi mashindano ya Afrika yanavyokwenda. Timu mbili zikikutana kwenye hatua ya mtoano zinacheza mara mbili: moja kwako, moja kwangu. Kisha mabao ya mechi zote mbili yanajumlishwa. Ukifungwa nne kwako, ukienda ugenini unahitaji nne kwanza ili tu mlingane, na la tano ndipo upite. Wakati huohuo usiruhusu hata moja. Hebu fikirini: watu walioshindwa kufunga bao moja nyumbani, wakiwa na jiji zima nyuma yao, wanatakiwa wafunge matano katika nchi ya watu.

Wakaenda Lusaka. Wakafunga matano.

Huku Bara wakati huo hapakuwa na kituo cha televisheni hata kimoja, na simu ya mkononi haikuwa hata ndotoni. Habari ilikuja kwa redio, kisha ikatembea kwa miguu. Mtu wa kwanza kuileta mtaani kwetu aliambiwa mwongo. Wa pili akaambiwa amelewa. Alipokuja wa tatu na tarakimu ileile, tano bila, mjomba alisimama katikati ya uwanja wa nyumba akainua mikono kichwani, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona mtu mzima analia kwa furaha.

Mabao hayo matano, wajukuu zangu, nimeyasikia yakisimuliwa kwa namna zisizohesabika. Kwenye kijiwe cha kahawa Kariakoo mzee mmoja alinisimulia bao la tatu kama kichwa cha ajabu. Mwingine, papo hapo, kikombe mkononi, akaapa lilikuwa shuti la mbali. Wote wawili siku ile walikuwa Dar es Salaam. Lakini majina ya wafungaji hawakuyakosea: Thuwein Ally matatu, George Kulagwa mawili. Hapo hakuna ubishi.

Nilipokua ndipo nikaliona jambo ambalo nataka ninyi mlione mapema. Furaha zetu kubwa zilitokea mbali, tukazisikia kwa masikio. Machungu yetu yalitokea nyumbani, tukayaona kwa macho. Ndiyo maana furaha zinabadilika kila zikisimuliwa, zinaongezewa chumvi, zinanenepa. Machungu hayabadiliki. Mwulize mtu yeyote aliyekuwepo uwanjani mwaka 1993, atakuonyesha mpira ulipopita na yeye alipokuwa amekaa.

Huo wa 1993 sipendi kuusimulia, lakini siwezi kuuruka.

Simba ilikuwa imefika fainali ya Kombe la CAF. Hakuna klabu ya Tanzania iliyowahi kufika fainali ya mashindano ya Afrika kabla yake. Mwaka 1974 ilikuwa imefika nusu fainali ya Klabu Bingwa ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti, na tangu hapo wazee walikuwa wakisema siku moja tutafika. Sasa tulikuwa tumefika. Kocha alikuwa Abdallah Kibadeni, ambaye enzi zake za uchezaji aliifunga Yanga mabao matatu katika mechi moja, ile ya sita bila ya mwaka 1977. Langoni alikuwa Mohamed Mwameja, mrefu, mikono kama makasia. Wapinzani walikuwa Stella ya Abidjan.

Mechi ya kwanza, kule kwao Côte d'Ivoire, ikaisha bila bao. Ah, mngeiona Dar es Salaam wiki ile! Bao moja tu nyumbani, kombe letu. Moja! Mitaa ya Msimbazi ilikuwa nyekundu toka asubuhi. Rais Ali Hassan Mwinyi mwenyewe alikuwa jukwaani. Mimi sasa nilikuwa kijana mwenye kiingilio mfukoni, na kwa mara ya kwanza nilikwenda na mjomba, tukakaa bega kwa bega.

Ilikuwa mbili bila. Za kwao. Zote mbili alizifunga mtu mmoja, Boli Zozo, na watu wazima wa mji huu hadi leo wanalitamka jina hilo taratibu, kama mtu anayegusa kovu. La kwanza lilipoingia tulipiga kelele zaidi, tukidhani tutalirudisha. La pili lilipoingia nikasikia kile kimya nilichokisikia Keko nikiwa mtoto, ila safari hii nilikuwa ndani yake. Nawaambieni, kimya cha watu maelfu kina uzito. Mjomba alinishika mkono kama nilipokuwa na miaka tisa, tukatembea hadi nyumbani bila kupanda gari. Njiani tulipita watu wa Yanga barazani. Walikuwa na kila sababu ya kututania, na utani wa Simba na Yanga mnaujua, hauna huruma. Jioni ile walinyamaza. Mmoja akatuambia, "Poleni." Sijamsahau mpaka leo.

Kwa hiyo nikiwasikia mnawacheka watani kwa fainali yao ya 2023, nawakataza. Wao nao yaliwapata yaleyale. Kombe la Shirikisho, fainali na USM Alger ya Algeria. Kwenye Uwanja wa Mkapa walifungwa mbili kwa moja, bao lao akifunga Fiston Mayele. Wakaenda Algiers wakashinda moja bila, kwa penalti ya Djuma Shabani. Jumla mbili kwa mbili! Lakini kuna sheria ya bao la ugenini: mabao yakilingana, aliyefunga mengi zaidi kwenye uwanja wa mwenzake ndiye anayeshinda. Waarabu walikuwa na mawili ya Dar es Salaam, Yanga moja la Algiers. Kombe likabaki kulekule. Mnaona? Furaha ugenini, uchungu nyumbani. Nilimpigia simu rafiki yangu wa Yanga usiku ule, nikamwambia pole. Nilikuwa nalipa deni la miaka thelathini.

Ya Cairo 2003 nayo ilikuja kwa masikio. Zamalek ndio walikuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Simba iliwafunga moja bila hapa, wao wakatufunga moja bila kwao, ikabidi penalti ziamue. Nilikuwa nimeibana redio sikioni hadi sikio likawa jekundu. Juma Kaseja, kipa kijana, akapangua. Penalti ya mwisho ikaenda kupigwa na Christopher Alex, na mtangazaji akanyamaza kidogo, kidogo tu, na katika kimya kile nikasema moyoni basi, ndiyo yaleyale. Akafunga. Bingwa wa Afrika ametolewa kwake mwenyewe! Christopher Alex alifariki mwaka 2015, na watu wa rika langu wakimtaja humtaja kwa penalti ile.

Tarehe 16 Machi 2019 nilidhani tumeipindua kanuni. Msimu ule tulikuwa tumepigwa tano bila Kinshasa na AS Vita, tukapigwa tano bila Misri na Al Ahly, na watu walikuwa na haki ya kutucheka. Lakini nyumbani tulimfunga kila mtu. Ikabaki mechi ya mwisho ya kundi, Vita haohao, Kwa Mkapa. Wakatangulia kufunga. Mohamed Hussein akasawazisha. Dakika zikawa zinakwenda, sare haitoshi, watu wameshika vichwa, na ndipo dakika za mwisho kabisa Clatous Chama akaupeleka mpira wavuni. Robo fainali! Mama yenu alikuwa pembeni yangu. Alipiga kelele akapoteza sauti siku mbili. Bao hilo halina matoleo mengi, maana watu maelfu waliliona, na wasiokuwepo wanalo kwenye simu zao.

Sasa fikeni mwaka 2021, kwenye robo fainali nyingine. Johannesburg, Kaizer Chiefs. Tukafungwa nne bila.

Nne!

Usiku ule kijiweni hakuna aliyezungumzia waamuzi wala kocha. Mzee mmoja aliweka kikombe chini akasema neno moja: "Lusaka." Mwingine akaitikia, "Lusaka." Vijana waliozaliwa miaka ishirini baada ya mechi ile walikuwa wakiuliza ilikuwaje, na wazee wakaanza upya, Thuwein, Kulagwa, moja, mbili, tatu. Wiki nzima ilikuwa hivyo. Mjomba wakati huo alikuwa mzee sana, haoni vizuri, akaniambia nimsogeze karibu na televisheni ingawa picha ilikuwa haimsaidii. Alitaka kusikia.

John Bocco akafunga. Kipindi cha pili akafunga tena. Zikiwa zimebaki dakika chache Chama akafunga la tatu, na nyumba nzima ikasimama, na nje nikasikia mtaa mzima umesimama. Moja tu tulingane. Mjomba alikuwa anahesabu kwa vidole kama anayevuta tasbihi. Filimbi ikalia. Tatu bila, tumeshinda, tumetolewa. Wachezaji walianguka chini kama waliofungwa, na watu jukwaani wakawapigia makofi. Mjomba akakunja vidole vitatu, akabaki amekinyoosha kimoja, anakitazama. "Kimoja tu," akasema.

Yaliyobaki ninyi mliyaona. Mei 2025, miaka 32 baada ya Stella, tukarudi fainali, ya Kombe la Shirikisho, ambalo lilizaliwa mwaka 2004 kwa kuunganishwa lile Kombe la CAF la zamani na Kombe la Washindi. Berkane ya Morocco walitufunga mbili bila kwao. Mechi ya marudiano haikuchezwa Kwa Mkapa bali Amaan, Zanzibar, tarehe 25. Joshua Mutale akafunga mapema, mkarukaruka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Kisha Yusuph Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu. Bao jingine likaingia, likakataliwa baada ya kuangaliwa kwenye picha, nami nikasikia ngurumo inakatika katikati kama ile ya Keko. Dakika za nyongeza wakasawazisha. Moja kwa moja, kombe likapanda ndege kwenda Morocco.

Mnakumbuka nilichofanya? Nilizima televisheni. Mama yenu akaenda jikoni. Ninyi mkakaa kimya, na nikajua kimya kile ni kipi, maana nimekijua tangu utotoni. Mjomba hakuwepo tena kunishika mkono. Huyu mwenye jezi alikuwa ameuficha uso ndani ya kola. Baada ya muda mrefu akasema, bila kuinua kichwa, "Babu, tusimulie ya Lusaka."

Nikavuta kiti, nikaanza na zile nne.